Wapiga gitaa wakubwa wa roki: utawatofautishaje kwa kusikia tu?

Kila tunapopiga nyimbo za zamani za roki katika kipindi chetu cha usiku, ujumbe wa simu humiminika, na swali huwa lile lile: nani mkali zaidi? Mmoja anasema Jimi Hendrix, mwingine anasema Eric Clapton, na wa tatu anatulaumu kwa kutomtaja yule aliyepiga gitaa kwenye wimbo wa Michael Jackson.

Hivi karibuni tulipata ujumbe wa aina nyingine. Kijana mmoja anayepiga solo kwenye kwaya ya kanisa kijijini kwao alituandikia kwamba mashine ya kukoboa mpunga ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Gitaa lake sasa limetundikwa ukutani. Aliuliza swali fupi: je, yupo mtu aliyewahi kupiga gitaa bila vidole kamili?

Yupo, na ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya muziki huu. Tutafika kwake. Lakini ili jibu lieleweke, ni lazima kwanza tueleze nini hasa kinachomtofautisha mpiga gitaa mmoja na mwingine. Makala hii inawaangalia wapiga gitaa wanane wa roki, mitindo yao, na namna ya kuwatambua hata kama mtangazaji hakutaja jina.

Mambo manne ya kusikiliza

Wengi wetu tumekulia kwenye muziki wa dansi. Tunajua kwamba bendi inakuwa na gitaa la solo, gitaa la ridhim na gitaa la besi, na kwamba kila mmoja ana kazi yake. Katika bendi nyingi za roki, ukiondoa besi, unamkuta mpiga gitaa mmoja tu au wawili. Mara nyingi mtu huyo mmoja hubeba solo na ridhim kwa pamoja. Jinsi anavyoubeba mzigo huo ndiyo mwanzo wa mtindo wake.

Jambo la kwanza la kusikiliza ni mkono wa kupiga. Anatumia kile kipande kidogo cha plastiki, au vidole vitupu? Anagonga uzi mmoja mmoja, au anakwangua nyuzi zote kwa mara moja?

La pili ni mkono wa kubana nyuzi. Hapa ndipo hisia zinapotoka. Mpiga gitaa anaweza kuubana uzi kisha akausukuma pembeni hadi sauti ipande, kama mtu anayelia. Anaweza pia kuutikisa uzi pale pale ili sauti itetemeke. Hakuna watu wawili wanaotikisa uzi sawasawa, kama ambavyo hakuna watu wawili wenye mwandiko mmoja.

La tatu ni sauti yenyewe. Gitaa la umeme bila amplifaya halisikiki hata kwa jirani. Ukiiongeza amplifaya kupita kiasi, sauti inapata mkwaruzo. Zamani mafundi waliona huo ni ubovu. Watu wa roki waliona ni utamu. Na ule mluzi unaotokea kwenye mkutano wa hadhara pale mtu anaposogeza kipaza sauti karibu na spika, wapiga gitaa wa roki waliufuga wakaufanya sehemu ya muziki.

La nne ni ukimya. Anaingia lini, na anaacha nafasi wapi? Msikilizaji mpya huvutiwa na kasi. Msikilizaji mzoefu husikiliza pia pale ambapo hapakupigwa kitu.

Walikotoka: kanisani na kwenye mashamba ya pamba

Roki haikuanzia Uingereza. Mizizi yake iko kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, katika nyimbo za injili na muziki wa bluzi.

Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, katika jimbo la Arkansas. Aliimba injili huku akicharaza gitaa la umeme kwa mkwaruzo na kasi ambayo wakati huo haikuzoeleka, tena kwa mwanamke wa kanisa. Alifariki mwaka 1973, na ilichukua hadi mwaka 2018 kwa jina lake kuingizwa katika jumba la heshima la roki nchini Marekani. Kwa hiyo mzee wa kanisa akikuambia gitaa la umeme ni la kidunia, mtajie mama huyu.

B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, aliimba mstari mmoja kisha akaliachia gitaa lake, alilolipa jina la Lucille, lijibu. Hakupiga na kuimba kwa wakati mmoja. Gitaa lilikuwa kama mtu wa pili katika mazungumzo. Mwaka 1974 alipiga Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Chuck Berry wa St. Louis ndiye aliyeandika alfabeti ya roki. Alipenda kubana na kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, kwa mdundo wa haraka unaochezeka. Wimbo wake Johnny B. Goode wa mwaka 1958 unaanza na gitaa lililofundisha kizazi kizima. Marekani iliporusha vyombo vya Voyager angani mwaka 1977, wimbo huo ulikuwa miongoni mwa sauti za dunia zilizowekwa ndani yake.

Vijana wa Uingereza walizisikiliza santuri za watu hawa na kuziiga noti kwa noti. Kati ya tutakaowataja hapa chini, wengi ni Waingereza waliojifunza kutoka kwa Wamarekani weusi. Tukiwasifu wanafunzi, tusiwasahau walimu.

Keith Richards: nyuzi tano zinatosha

Rolling Stones waliundwa London mwaka 1962. Mpiga gitaa wao, Keith Richards, si mtu wa solo ndefu. Nguvu yake iko kwenye ridhim, na hasa kwenye rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa hadi kinakuwa uti wa mgongo wa wimbo. Rifu ya Satisfaction ya mwaka 1965 inatambulika kabla mtu hajaanza kuimba.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Richards alianza kutyuni gitaa lake tofauti. Aliuondoa uzi mnene kuliko zote, akabaki na nyuzi tano, na akazipanga ili ukizipiga bila kubana popote zitoe kodi iliyokamilika (kodi ya muziki, si ile ya serikali). Ndiyo maana nyimbo kama Brown Sugar na Start Me Up zina ule mlio wazi unaoning'inia, ambao ukijaribu kuuiga kwa gitaa la kawaida la nyuzi sita haukubali.

Jambo lingine: tangu Ron Wood ajiunge na bendi mwaka 1975, magitaa yao mawili husukana. Huyu akiingia, yule anatoka. Anayependa namna solo na ridhim zinavyopokezana katika muziki wa dansi wa Kongo atawaelewa haraka.

Utamtambua hivi: gitaa linabembea kama mlango uliolegea bawaba, liko nyuma kidogo ya ngoma, na huwezi kutulia kwenye kiti.

Eric Clapton: sauti inayoimba

Clapton alizaliwa Ripley, kusini mwa Uingereza, mwaka 1945. Mwaka 1966 alirekodi albamu na kundi la John Mayall akitumia gitaa la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa kwa sauti ya juu. Sauti ile nene ikawa kipimo ambacho wengine walijipima nacho. Mwaka huo huo aliunda kundi la Cream, watu watatu tu.

Wengi hudhani jina lake la utani, Slowhand, yaani mkono wa polepole, lilimaanisha kwamba alipiga taratibu. Sivyo. Jina hilo linahusishwa na makofi ya polepole ya watazamaji waliokuwa wakimsubiri abadilishe uzi uliokatika jukwaani.

Clapton hajengi juu ya vituko. Anapiga sentensi fupi za bluzi, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho, na anautikisa uzi kwa utaratibu uliopimwa. Baadaye alitulia zaidi. Mwaka 1991 mwanawe mdogo alifariki kwa ajali, na wimbo wa Tears in Heaven uliotokana na msiba huo umepigwa kwa gitaa lisilo la umeme, kwa vidole, bila hata noti moja ya kujionyesha.

Utamtambua hivi: unaweza kuziimba solo zake kwa mdomo. Kama solo huwezi kuimba hata kipande, pengine si Clapton.

Jimi Hendrix: gitaa lililopinduliwa

James Marshall Hendrix alizaliwa Seattle mwaka 1942. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini kwa kawaida alichukua gitaa la mkono wa kulia, akalipindua na kuzipanga upya nyuzi. Alipitia jeshi la miavuli, kisha akawa mpiga gitaa wa nyuma kwa wasanii kama Isley Brothers na Little Richard. Mwaka 1966 alikwenda London, na ndani ya miezi michache wapiga gitaa wa mji ule walikuwa wakienda kumtazama na kurudi nyumbani kimya.

Kulikuwa na nini kipya? Kwanza, alikuwa na kidole gumba kirefu alichokipitisha juu ya shingo ya gitaa na kubania uzi mnene. Vidole vinne vilivyobaki vikawa huru kupamba. Hivyo alipiga ridhim na solo kwa wakati mmoja. Sikiliza Little Wing ya mwaka 1967. Pili, aliufanya mkwaruzo, mluzi wa spika na pedali za miguu kuwa ala kamili. Wengine walikuwa wamezigusa kelele hizo, yeye alizitawala.

Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa peke yake, bila kuuimba. Katikati ya wimbo gitaa linalia kama mabomu yanayoanguka na ving'ora. Nchi yake ilikuwa vitani Vietnam. Kila aliyesikia alielewa. Alifariki Septemba 1970 akiwa na miaka 27. Umaarufu wake ulidumu miaka minne tu.

Utamtambua hivi: utadhani kuna magitaa mawili, kumbe ni moja, na kelele zake hazipotei njia.

Jimmy Page: fundi wa kujenga nyumba

Page, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa kijana wa kukodiwa studio London kabla hajaunda Led Zeppelin mwaka 1968. Kazi ile ya kupiga kwenye rekodi za watu wengine ilimfundisha namna studio inavyofanya kazi, na tofauti yake na wenzake iko hapo. Hendrix alikuwa simba wa jukwaani; Page alikuwa pia mjenzi. Alirekodi gitaa juu ya gitaa, la umeme juu ya lisilo la umeme, mpaka wimbo ukawa na ukuta, paa na madirisha. Wakati mwingine alipiga nyuzi kwa upinde wa fidla.

Mfano mzuri ni Stairway to Heaven ya mwaka 1971. Unaanza kwa gitaa tulivu la vidole, unapanda ngazi kwa ngazi, na unafika kwenye solo kali karibu na mwisho. Jukwaani alilazimika kubeba gitaa lenye shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na nyingine ya nyuzi sita, ili aweze kuupiga wimbo huo bila kubadilisha chombo.

Wakosoaji husema Page jukwaani hakuwa safi kama Clapton, na kweli aliteleza mara kwa mara. Pia bendi yake ilichukua vipande vya bluzi za watu weusi bila kuwataja wenyewe, na baadhi ya madai hayo yalimalizwa kwa wahusika kuongezwa majina na kulipwa. Ufundi wake ni mkubwa, lakini sehemu hiyo ya hadithi nayo ni ya kweli.

Utamtambua hivi: wimbo unabadilika rangi kadiri unavyokwenda, kutoka unyamavu hadi radi.

Tony Iommi: jibu la swali la kijana wetu

Sasa tumefika. Tony Iommi alizaliwa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, mwaka 1948. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Alikuwa ameshapata bendi ya kumpeleka nje ya nchi, na hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Siku hiyo mashine ilimkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, vya mkono wa kulia. Iommi hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio ule wa kubana nyuzi, sawa kabisa na kijana wetu.

Aliambiwa asahau gitaa. Kisha msimamizi wake wa kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt. Django alikuwa mpiga gitaa wa jazi huko Ufaransa ambaye mwaka 1928 aliungua katika moto, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabaki karibu bila kazi. Solo alizipiga kwa vidole viwili, na aliheshimiwa Ulaya nzima.

Iommi alikwenda nyumbani na kuanza ufundi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza kofia mbili ndogo za kuvaa kwenye vidole vilivyokatika, na kuzifunika kwa vipande vya ngozi ili zishike uzi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatumia nyuzi nyembamba zaidi, ikiwa ni pamoja na nyuzi za banjo. Baadaye alizilegeza nyuzi chini ya kipimo cha kawaida ili zisihitaji nguvu nyingi kuzibana na kuzivuta.

Matokeo yake ni haya. Uzi uliolegezwa hutoa sauti nzito na ya chini. Kwa kuwa kodi ngumu zilikuwa kazi kwake, alitegemea kodi rahisi za nyuzi chache, nzito na za polepole. Mwaka 1970 bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu mbili, na kutokana na sauti hiyo likazaliwa tawi zima la muziki linaloitwa hevi metali. Vijana wenye vidole kumi kamili duniani kote sasa wanalegeza nyuzi zao ili wasikike kama yeye.

Utamtambua hivi: rifu nzito inayotembea kama trekta kwenye tope, na unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Brian May: gitaa lililotengenezwa nyumbani

Queen ni bendi yenye uhusiano wa kweli na pwani yetu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mpiga gitaa wake ni Brian May, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1947.

Mwaka 1963 May alitamani gitaa la umeme ambalo familia yake haikuweza kulinunua. Baba yake alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Wakakaa chini, wakalitengeneza wenyewe kwa takriban miaka miwili. Shingo ilichongwa kutoka ubao wa meko ya zamani. Alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na mkono wa kutikisia sauti ulitokana na kipande cha baiskeli chenye ncha ya sindano ya kufumia ya mama yake. Gitaa hilo hilo amelipiga maisha yake yote, hadi juu ya paa la kasri la Buckingham mwaka 2002.

Badala ya kipande cha plastiki, May hupigia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita. Ukingo wake wenye meno huongeza mkwaruzo mdogo kila anapogusa uzi. Lakini alama yake kubwa ni kupanga magitaa kama kwaya. Anarekodi sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama soprano, alto na tena, zote kwa gitaa lake, mpaka msikilizaji anadhani ni kinanda au matarumbeta. Albamu za Queen za miaka ya 1970 ziliandikwa wazi kwamba hawakutumia vinanda vya kutengeneza sauti kwa umeme. May ana pia shahada ya uzamivu ya elimu ya nyota, aliyoikamilisha mwaka 2007.

Utamtambua hivi: gitaa linaimba kwa sauti tatu. Kama wewe ni mwanakwaya, utamtambua kabla ya wengine.

David Gilmour: noti chache, uzito mkubwa

Gilmour, mzaliwa wa Cambridge mwaka 1946, alijiunga na Pink Floyd mwanzoni mwa mwaka 1968. Weka solo yake moja kando ya solo ya mtu wa kasi na uhesabu noti. Ataachwa mbali sana. Lakini kila noti yake ina kazi. Anauvuta uzi taratibu, wakati mwingine hatua mbili au tatu juu, anausimamisha pale, anautikisa, kisha anauacha ufe wenyewe katika mwangwi.

Shine On You Crazy Diamond ya mwaka 1975 ina wito wa noti nne tu, unaorudiwa, na hizo nne zinatosha kukusimamisha mlangoni. Solo ya mwisho ya Comfortably Numb, ya mwaka 1979, mara kwa mara hutajwa na wapenzi wa roki kuwa miongoni mwa bora kabisa. Mwaka 2019 alipiga mnada magitaa yake, moja likauzwa kwa karibu dola milioni 4, na fedha za mnada alizitoa kwa kazi ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi.

Utamtambua hivi: una muda wa kuvuta pumzi kati ya noti moja na nyingine.

Eddie Van Halen: mikono miwili shingoni

Huyu ndiye yule mliyekuwa mkimuuliza. Eddie Van Halen alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, mama yake akiwa na asili ya Indonesia. Familia ilihamia California mwaka 1962. Mwaka 1978 albamu ya kwanza ya bendi yake ilikuwa na kipande cha gitaa tupu, Eruption, kisichofika hata dakika mbili. Wapiga gitaa wengi waliposikia walidhani ni ala nyingine.

Siri ilikuwa hii. Kwa kawaida mkono mmoja hubana na mwingine hupiga. Eddie aliupeleka mkono wa kupiga nao shingoni, akawa anagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, kama mtu anayechapa kwenye mashine. Noti zikamwagika kama mtama kwenye bati. Si yeye wa kwanza kugonga hivyo, lakini ndiye aliyeifanya dunia nzima ijaribu. Gitaa lake naye alilijenga mwenyewe kwa vipande vya bei nafuu na kulipaka mistari kwa rangi ya kupuliza.

Mwaka 1982 alipiga solo ya Beat It ya Michael Jackson, na hakudai malipo. Kwa wengi wetu hilo ndilo gitaa la kwanza la roki tulilowahi kulisikia bila kujua kwamba ni roki. Alifariki Oktoba 2020.

Utamtambua hivi: kasi ya kutisha, lakini yenye kicheko ndani yake.

Kwa ufupi

Ukitaka kucheza, msikilize Richards. Ukitaka kuimba na gitaa, Clapton. Ukitaka kushangaa, Hendrix. Ukitaka hadithi yenye mwanzo na mwisho, Page. Ukitaka uzito, Iommi. Ukitaka kwaya, May. Ukitaka kutafakari, Gilmour. Ukitaka kasi, Van Halen.

Kwa hiyo nani mkali zaidi? Kwa kasi peke yake, Van Halen anamshinda Gilmour bila ubishi. Kwa kugusa moyo kwa noti nne, matokeo yanageuka. Kwa kubadilisha namna watu wote wanavyolifikiria gitaa la umeme, sisi kituoni tunampa Hendrix. Usipokubali, mashamba ni makubwa, kila mtu alime lake.

Namna ya kuwasikiliza kwa simu

Spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito vizuri. Ukimsikiliza Iommi kwa spika hiyo utasema hamna kitu. Tumia vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, au unganisha simu na redio yenye spika kubwa. Pia vaa vyote viwili, kushoto na kulia, kwa sababu Page na May walipanga magitaa yao pande zote mbili. Ukivaa kimoja unasikia nusu ya wimbo.

Kuhusu bando: pakua wimbo mmoja na uusikilize mara kumi, badala ya kufungua nyimbo kumi mara moja moja. Anza na Eruption kwa kuwa ni fupi, kisha Little Wing, kisha Comfortably Numb. Mara ya kwanza fuata gitaa peke yake. Mara ya pili fuata ukimya.

Kwa kijana wetu

Hatuwezi kukuahidi kwamba vidole vyako vitafanya kile vilichofanya vya Iommi. Kidonda kipone kwanza, na mtu wa afya akuruhusu. Lakini mambo matatu aliyoyafanya hayahitaji fedha nyingi: legeza nyuzi, tafuta nyuzi nyembamba, na utengeneze kitu cha kufunika ncha za vidole kisichokuumiza. Usitafute kupiga kama ulivyokuwa ukipiga zamani. Tafuta kodi mbili au tatu ambazo mkono wako wa sasa unazikubali, na uzipige mpaka kwaya ikuzoee upya. Keith Richards amejenga maisha yake juu ya ridhim, na kwaya yako bila shaka inahitaji ridhim kama inavyohitaji solo.

Ukilishusha gitaa hilo ukutani, turekodie hata dakika moja kwa simu ututumie. Tutaipiga hewani.